Damu ya Kina Haxelby

Johnstone Haxelby alikuwa amefika ukurasa wa pili wa barua ndipo alipoanza kuogopa. Ukurasa wa kwanza aliusoma kwa sauti, amesimama katikati ya sebule yao ya Langas, mkewe Kageha akichambua sukuma wiki kwenye sinia na binti yao Ashley ameweka simu kando, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Barua ilitoka Uingereza. Mwandishi wake alikuwa mama mstaafu aitwaye Dorothy, katibu wa chama cha watu wenye jina la Haxelby. Johnstone, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa amemwandikia mwanzo wa mwaka kumuuliza asili ya jina hilo, na sasa alilitafsiri jibu kadiri alivyosoma.

"Anasema jina letu lilianzia kwa kijiji kimoja kaskazini mwa Uingereza. Kijiji chenyewe siku hizi hakiko, imebaki kanisa na mashamba. Hiyo mwisho yake, hiyo '-by', ililetwa na watu wa Denmark zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Maana yake ni boma."

"Kumbe sisi ni watu wa boma," Kageha alisema. "Kama kila mtu tu."

"Ngoja, Mama Ashley. Wenye hili jina Uingereza yote hawafiki mia nne. Mia nne! Hapa Langas ploti tatu tu zina watu kuliko hao. Na wamepima damu ya wanaume wengi wa hilo jina, wakakuta karibu wote wanarudi kwa mtu mmoja aliyeishi miaka mia saba iliyopita. Mtu mmoja!"

"Na sisi ndio tulipotea njia tukatokea Eldoret," Ashley alisema, akacheka.

Johnstone alicheka pia. Tangu utotoni alikuwa ameulizwa jina hilo kwa karani, kwa polisi, kwa foleni ya hospitali: Hakisebi ni kabila gani? Marehemu baba yake, Peter, alikuwa na ngozi nyeupe na nywele za rangi ya chai, na kila mtu alikisia sababu. Nyanya yake, aliyefanya kazi kwa nyumba ya mzungu Haxelby huko Ainabkoi, hakuwahi kusema neno. Johnstone hakuhitaji aseme. Kule kukisiwa kulimtosha, na alitembea nako kama mtu aliyevaa koti zuri.

Alifunua ukurasa wa pili. Alisoma mstari, kisha mwingine, kimya.

"Endelea basi," Kageha alimwambia.

"Iliyobaki ni salamu tu."

Lakini karatasi ilikuwa ikitikisika mkononi mwake. Ashley alisimama, akaichukua taratibu na kuisoma kwa sauti mwenyewe, na alipofika katikati sauti yake ikawa ndogo.

Bi. Dorothy aliandika kwamba Edwin Haxelby, yule aliyelima Ainabkoi, alirudi kwao mwaka wa uhuru na kufa hospitalini baada ya miaka minane, hawezi kushika kijiko wala kumaliza sentensi. Dadake alikufa hivyo hivyo. Mtoto wa dadake pia. Ulikuwa ugonjwa wa neva za ubongo unaopita kwa damu. Mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Mara nyingi huanza karibu na miaka arobaini: mikono na miguu hujisogeza yenyewe, vitu huanguka, hasira huja bila sababu. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

"'Nimesitasita sana kukuandikia haya,'" Ashley alisoma, "'lakini nimeona ni dhambi kukuficha. Kama ninyi ni wa uzao wake, tafadhali mwone daktari. Kama ni jina tu mlilopewa, na hilo lilitokea sana kwa watumishi na watoto wa kulelewa, basi hamna la kuogopa. Ndani ya bahasha nimeweka vijiti vya kupangusa shavu kwa ndani. Ukivirudisha, tutajua.'"

Johnstone alikuwa na miaka arobaini na minne. Tangu Januari alikuwa amevunja vikombe vinne, na wiki iliyopita alimtupia Kageha kiatu kwa sababu ya chai iliyopoa, kisha akakaa kitandani akilia, asijue ni nini kilichompata.

Kageha alirudi kwa mboga zake. Alichambua jani moja, akaliweka chini, akalichukua tena lile lile.

*

Jumatatu Johnstone alikwenda kazini kama kawaida, kwenye shule ya kibinafsi ya msingi kule Kapsoya. Alikuwa amefundisha hapo miaka kumi na moja. Asubuhi hiyo alikuwa akiwaandikia Gredi ya Sita zoezi ubaoni, na herufi ya mwisho ya kila mstari ikawa inateleza chini kama inayovutwa. Watoto wa mbele walitazamana. Alipogeuka kuchukua kitabu, mguu wake wa kushoto ulirushwa pembeni bila yeye kuutuma, akajigonga kwa meza na chaki zote zikamwagika.

Mtoto mmoja aliangua kicheko, akajiziba mdomo.

Mwalimu mkuu, Madam Wahu, alikuwa akipita kwa varanda. Alisimama mlangoni.

"Mwalimu Haxelby, njoo hapa kidogo."

Johnstone alimwendea. Alidhani wataenda ofisini. Madam Wahu hakuondoka mlangoni.

"Nipulizie."

"Samahani, Madam?"

"Nipulizie mdomo. Wazazi wawili wamenipigia. Mmoja alikuona kwa geti unayumba saa mbili asubuhi. Nimekutetea, lakini na mimi nina macho."

Watoto thelathini na sita walikuwa wakitazama. Johnstone, mzee wa kanisa, ambaye hakuwahi kuonja pombe, alifungua mdomo na kumpulizia mwanamke aliyemzidi miaka miwili tu. Madam Wahu alisogeza pua karibu, akavuta, akarudi nyuma.

"Sinusi kitu," alisema. "Lakini kuna zile hazina harufu. Ikirudia tena, Mwalimu, itabidi niandikie bodi. Usinilazimishe."

Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa tayari kooni. Lakini kusema 'mimi si mlevi, labda ni mgonjwa' kulikuwa ni kukubali kwamba ni mgonjwa, na hilo hakuwa ameweza kujiambia hata peke yake bafuni.

"Sawa, Madam," alisema, akainama kuokota chaki.

*

"Twende tumuulize Kukhu," Kageha alisema Jumamosi, akimaanisha nyanya yake Johnstone. "Yeye ndiye anajua. Hakuna mwingine."

"Mwanamke wa miaka themanini na sita unamuuliza nini? Alilala na nani?"

"Baba Ashley, hiyo ndiyo tutamuuliza. Kwa adabu, lakini tutamuuliza."

Walifika Ainabkoi saa tano, na baridi ya huko juu ilikuwa bado haijaondoka kwenye nyasi. Kukhu Nasimiyu alikuwa jikoni kwake, amekaa kwa kigoda karibu na moto, akimenya viazi bila kuviangalia. Macho yake yalikuwa na ukungu lakini masikio yalikuwa mazima. Aliwasalimia wote kwa majina, akamshika Ashley mikono yote miwili na kumuuliza kama chuo kinampa chakula.

Kageha ndiye aliyesema. Alieleza barua, akaeleza ugonjwa, polepole, kwa maneno mepesi. Kukhu aliacha kumenya.

"Mnataka nini kwangu?"

"Kukhu," Johnstone alisema. Alijikohoza. "Tunataka kujua kama baba yangu, Peter, alikuwa mtoto wa yule mz..."

"Hapana," Kukhu alisema.

"Bado sijamaliza."

"Nimesikia. Hapana. Peter alikuwa wa Wakoli, mpishi, huyo aliyenioa. Wakoli mwenyewe alikuwa mweupe, mlimuona lini nyinyi? Karani wa shamba aliandika watoto wetu kwa jina la mwenye shamba ndiyo wasifukuzwe. Ni jina tu. Mzungu hakunigusa." Aliokota kiazi. "Mimi nilikuwa nafua. Nafua, naanika, naenda kwangu."

Johnstone aliweka uso kwenye viganja vyake. Mabega yake yalianza kutikisika, na Kageha alidhani analia, mpaka akagundua kwamba ni kicheko, kicheko cha mtu aliyetolewa shimoni. Maisha yake yote alikuwa ametaka kuwa mjukuu wa Edwin Haxelby, na sasa alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti kwamba ni mjukuu wa mpishi.

"Wakoli!" alisema. "Mimi ni Wakoli!"

Ashley alimkumbatia. Kageha pia alitabasamu. Lakini wakati wa kuaga alimwona Kukhu akijaribu kushika kisu, na kisu kikimponyoka, na Kukhu akibaki amelishikilia goti lake badala ya kukiokota. Kageha alijiambia ni uzee.

*

Johnstone ndiye aliyetaka vile vijiti vipelekwe. Alijipangusa shavu mbele ya kioo huku akiimba, akatia vijiti kwenye mrija wake, akaenda posta mwenyewe.

"Ni ya nini tena, na Kukhu ameshasema?" Kageha alimuuliza.

"Ndiyo yule mama wa Uingereza apumzike. Amejisumbua kwa ajili yetu. Tena nikipata karatasi, nitamwonyesha na Madam Wahu."

"Atasema nini? Kwamba wewe ni Wakoli kwa hivyo hulewi?"

Wiki hizo Johnstone alikuwa mchangamfu. Alisema ilikuwa ni uchovu, akaanza kulala mapema na kunywa maziwa. Kikombe kikianguka alisema kilikuwa na sabuni.

Kageha alimchunguza bila yeye kujua. Kanisani, wakati wa mahubiri, wengine walipotulia kabisa, aliona vidole vya mumewe vikicheza juu ya Biblia kama vinavyobonyeza kinanda. Aliona viatu vyake vikigonga sakafu, mara kimoja, mara kingine, bila mpigo. Mama mmoja wa kiti cha nyuma aliinama akamnong'oneza, "Mwambie baba atulie, anatusumbua." Kageha aliweka mkono wake juu ya goti la mumewe na kulikandamiza. Chini ya kiganja chake goti liliendelea kusogea, kama mnyama mdogo aliyefungwa ndani ya suruali. Kageha hakusikia tena neno la mahubiri hadi sadaka ikapita.

Baada ya miezi miwili barua pepe ilikuja kwenye simu ya Johnstone. Ilikuwa Jumapili mchana, wamemaliza kula. Alimpa Ashley simu, akaegemea kochi, mikono nyuma ya kichwa.

"Soma kwa Kiswahili, mama yako afurahi."

Ashley alisoma kimya kwanza. Rangi ilimtoka.

"Baba."

"Soma."

"Anasema... anasema sampuli yako inalingana na ya wanaume kumi na wanne wa jina la Haxelby. Kila alama waliyopima. Anasema hakuna shaka. Wewe ni wa ule ukoo wa mtu mmoja. Anasema karibu kwa familia, na anasikitika sana."

Johnstone alitoa mikono nyuma ya kichwa na kuikalia, moja chini ya kila paja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

*

Daktari aliyewapokea, Daktari Odera, alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alimtembeza Johnstone kwa mstari ulionyooka, akamwambia atoe ulimi na asiurudishe. Ulimi ulirudi wenyewe. Alimwambia amshike vidole viwili na asiache kuvibana. Mkono wa Johnstone ulibana, ukaachia, ukabana, ukaachia.

"Kipimo cha vijiti kilionyesha ukoo tu," daktari alieleza. "Hakikusema kama una ugonjwa. Unaweza kuwa wa ukoo na usiwe nao. Damu tutakayochukua leo ndiyo itasema."

"Na ukiniuliza wewe?" Kageha alisema. "Kwa vile umemwona?"

Daktari Odera aliweka kalamu mezani. "Mama, ningefurahi sana nikikosea."

Hakukosea. Jibu lilichukua wiki tano, na alilisoma akiwa ameketi upande wao wa meza. Alisema kuna dawa za kutuliza mikono, kuna mazoezi, kuna miaka mingi bado. Alisema watu kama Johnstone hawafi kesho. Johnstone aliitikia kila jambo kwa kichwa. Kisha akauliza swali moja tu.

"Unaweza kuniandikia barua ya kazini? Iseme kwamba mimi si mlevi."

Alipeleka barua hiyo siku hiyo hiyo. Madam Wahu aliisoma nyuma ya dawati lake, akairudia. Alivua miwani.

"Mwalimu, mimi... ungeniambia."

"Sikuwa najua, Madam."

"Tutaangalia. Labda maktaba. Usijali kuhusu bodi."

"Nashukuru. Lakini naomba uje darasani kwangu uwaambie watoto. Ulinipulizisha mbele yao. Waambie hata sentensi moja."

Madam Wahu alisimama, akashuka naye hadi Gredi ya Sita, na mbele ya watoto thelathini na sita akasema kwamba Mwalimu Haxelby hanywi, hajawahi kunywa, na kwamba yeye mwenyewe alimkosea. Sauti yake ilikwaruza. Johnstone alisimama kando, mikono mifukoni, akijisikia ameshinda kitu, na papo hapo akakumbuka kwamba ushindi wenyewe ulikuwa ule ugonjwa.

*

Walirudi Ainabkoi mwezi wa nane. Kukhu alijua kabla hawajaketi. Alimsikiliza Johnstone akivuka mlango, akasikia mguu ukiburuta halafu ukirushwa, akafunika uso kwa leso.

"Alikuwa anatembea hivyo," alisema. "Mwisho mwisho, kabla hajaenda kwao. Nilikuwa naambiwa ni wiski."

Alianza mwenyewe, uso bado umefunikwa.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nafua, hiyo sikudanganya. Bibi ya mzungu alikuwa ameenda pwani. Mzungu mwenyewe aliniita nichukue shuka." Aliikaza leso usoni. "Wakoli alijua. Alinioa na tumbo, na hajawahi kunitukana nayo hata siku moja. Padri ndiye aliniuliza baba ya mtoto ni nani, siku ya kubatiza, na mimi nilikuwa naogopa kudanganya kanisani. Nikasema. Akaandika. Ndiyo jina likashika hivyo."

"Kwa nini ulituambia hapana?" Kageha aliuliza, bila ukali.

"Nilifikiri nikisema hapana, haitakuja." Alitoa leso usoni. "Peter aliangushwa na trekta akiwa na miaka thelathini na mbili. Nililia miaka. Sasa naambiwa trekta iliutangulia tu huu ugonjwa. Mjukuu wangu, ni mimi nimekuletea hii."

Johnstone alishuka kwenye kiti na kukaa sakafuni karibu na kigoda chake. Magoti yalimsumbua kukunja, akayakunja.

"Kukhu, si wewe. Uliitwa kuchukua shuka. Hukuleta kitu."

Kukhu alimpapasa kichwa, kisha mkono wake ukasimama.

"Na msichana?"

Ashley alikuwa kwa moto, akingojea maji ya chai yachemke. Wote walikuwa wamelizunguka swali hilo kwa wiki nyingi, kule Langas wakizungumza kwa sauti ya chini kila alipoingia kuoga. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Nilienda kwa Daktari Odera peke yangu," Ashley alisema, bila kugeuka. "Juzi. Akasema mimi ni mtu mzima, naweza kupimwa leo nikitaka, na naweza kukataa mpaka nizeeke. Akasema nusu kwa nusu."

Kageha alishika ukuta. "Ukasema nini?"

"Nikamwambia sitaki kujua sasa. Nataka nimalize chuo nikiwa sijui. Labda nikitaka kuzaa, nitarudi." Alisonga mahali pake, bega likitetemeka kidogo, pengine kwa baridi. "Msinilazimishe. Naogopa sana, sitaki kudanganya. Lakini hii yangu ni yangu."

"Hatutakulazimisha," baba yake alisema.

Chai ikaiva. Ashley alipanga vikombe vinne kwenye sinia ya bati, akainua birika kubwa jeusi, akaanza kumimina. Birika lilikuwa zito. Kageha alikuwa amemtumbulia macho. Johnstone, pale sakafuni, naye pia. Hata Kukhu, ambaye hakuona ila kivuli, alikuwa amegeuza sikio lake upande huo, akisikiliza kama maji yanaanguka sawasawa.

Ashley alisimamisha birika hewani.

"Msiniangalie mikono," alisema.

Kageha aliinamisha kichwa. Kukhu alirudisha uso wake kwenye moto. Johnstone aliinua macho yake kutoka kwenye vidole vya binti yake, akayapandisha kwenye mkono, kwenye bega, hadi akafika usoni, na hapo akayaacha. Ulikuwa uso wa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye usingizi wa safari na moshi machoni. Alimtazama hivyo, hakuyashusha tena, mpaka vikombe vyote vinne vikajaa.